Adapta mpya ya Wi-Fi inasoma 866 ila intaneti ni ileile? Soma hapa kabla hujasema umepigwa

Juzi jioni jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, mwalimu mstaafu, kaja kwangu na laptopu kwapani, nampa shikamoo anaitikia huku keshaanza kulalamika, "Kijana wangu, mimi nimepigwa." Alikuwa kaagiza adapta ya Wi-Fi ya kuchomeka USB kutoka Kariakoo, ikaletwa na basi, boksi limeandikwa AC1300. Kachomeka, Windows ikamwonyesha 866 (megabiti kwa sekunde), kafurahi sana, halafu kafanya spidi testi ya intaneti ikaja 31. Kabla ya adapta alikuwa anapata 28. Nikamwambia mwalimu hujapigwa, keti nikuonyeshe, tukakaa barazani mpaka saa tatu usiku. Nimeamua kuyaandika yale tuliyofanya kwa sababu hii kesi naletewa mara nyingi pale steshenari kwangu na inaniuma kuona mtu anarudisha kifaa kizima, au anaenda kununua kingine cha bei zaidi, kumbe tatizo halikuwa hapo.

Kwanza elewa ile namba inasema nini

Ile 866, au 72, au 300, au yoyote inayokuja kwenye kompyuta yako, ni makubaliano ya watu wawili tu, adapta yako na rauta yako. Wanaambiana "hewani tuongee kwa spidi hii", hiyo ndo spidi ya linki. Intaneti haimo kabisa kwenye hayo mazungumzo.

Kumbuka mwezi wa tano 2024. Kimbunga Hidaya kilikuja na mvua, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule upande wa Somanga, Mtwara na Lindi tukawa kisiwani. Sasa siku zile bodaboda wa kutoka Shangani kwenda Ligula alikuwa anakimbia vilevile, dakika zilezile, barabara ya mjini haikuwa na shida, ila ukitaka kwenda Dar hufiki. Halafu siku chache mbele, tarehe 12, waya za chini ya bahari nazo zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima, na kuna watu waliniletea laptopu wakisema Wi-Fi imekufa wakati kompyuta inasoma linki vizuri tu kama kila siku. Spidi ya linki ni ile bodaboda ya Shangani na Ligula. Spidi testi ni safari nzima mpaka Dar na kurudi. Ukiweka adapta mpya umenunua bodaboda mpya, barabara ya Somanga hujaigusa.

Na hata hiyo ya ndani ya nyumba, namba ya linki ni ghafi. Sisi watu wa korosho hili tunalielewa haraka, kilo ya korosho ghafi ukishabangua hupati kilo, maganda yana uzito wake. Wi-Fi nayo ina maganda, kuna kuulizana zamu, kuna kuthibitisha kwamba kifurushi (kipande kidogo cha data, sio bando) kimefika, kuna kurudia kilichopotea njiani, na pia kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati mmoja wengine wanasubiri. Kwa hiyo spidi ya kweli inayobaki kwa ajili ya mafaili yako ni kama nusu ya linki, ukiwa karibu na hewa imetulia inaweza kupita nusu na kufika theluthi mbili. Linki ya 72 tegemea 35 mpaka 45 hivi. Linki ya 866 kushika 450 au 500 na kitu ni kawaida, ukipata 550 shukuru.

Hapo ndo jibu la mwalimu lilipo. Adapta yake ya zamani ilikuwa na linki ya 72, yaani ilikuwa na uwezo wa kupitisha 40 hivi, na rauta yake ya laini ya 4G ilikuwa inaleta 28. Adapta haikuwa inabana kitu! Kifaa kipya kinakusaidia pale tu kile cha zamani ndo kilikuwa kinabana, kama kilichobana kiko mbele huko, utaona namba kubwa kwenye skrini na maisha yaleyale.

Hatua ya 1: hakikisha kompyuta inatumia adapta mpya kweli

Usicheke, hili linatokea sana. Laptopu ina Wi-Fi yake ya ndani, ukichomeka ya USB sasa ziko mbili, na Windows inaweza kuendelea na ile ya zamani kama hakuna kilichotokea. Bonyeza kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, ingia Network adapters, ile ya ndani bonyeza kulia uchague Disable device. Hujaifuta, umeilaza tu, siku ukiihitaji unaiamsha palepale.

Ukiwa hapohapo angalia draiva, yaani programu inayoiendesha adapta. Adapta nyingi zinashika kwa draiva ya jumla ya Windows, zinafanya kazi, ila ukiweka draiva ya mtengenezaji mwenyewe mara nyingi zinatulia zaidi. Chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zile programu zinazojitangaza zitakutafutia draiva zote bure achana nazo, nimesafisha kompyuta nyingi sana zilizoharibiwa na hizo.

Hatua ya 2: soma namba zote, sio moja

Fungua Command Prompt andika hivi kama ilivyo:

netsh wlan show interfaces

Windows 11 za karibuni zinaweza kukudai uwashe Location kwanza kwenye setingi, washa halafu urudie. Yatakuja maneno mengi, wewe tafuta haya. Radio type, hapo utaona 802.11n au 802.11ac au 802.11ax, hivyo ni vizazi vya Wi-Fi kuanzia cha zamani. Channel, ikiwa 1 mpaka 13 uko kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, ikiwa 36 kwenda juu uko kwenye ya gigahezi 5 (toleo jipya la Windows linakuandikia na Band kabisa). Receive rate ni spidi ya linki ya kupokea, Transmit rate ya kutuma, na hizo mbili kutofautiana sio ugonjwa. Signal ni asilimia. Kama unaona interface mbili, Wi-Fi na Wi-Fi 2, rudi hatua ya 1.

Wa Linux andika iw dev wlan0 link, ila jina wlan0 kwako linaweza kuwa jingine. Wa Mac shika Option huku unabonyeza alama ya Wi-Fi juu, utaona Tx Rate.

Kitu kimoja cha muhimu, isome huku kompyuta inafanya kazi, weka faili lishuke au video icheze. Kompyuta ikiwa imekaa kimya kuna adapta zinajipunguza zenyewe, unaweza kukuta imeandika 6 au 24 ukashtuka bure. Na isome mara tatu nne, namba inapanda na kushuka kila wakati, hiyo ni kawaida yake.

Hatua ya 3: tambua namba yako ni ya familia gani

Hapa napenda nikae kidogo maana hizi namba haziji hovyo. Zinatoka kwenye vitu vitatu: aina ya Wi-Fi, upana wa chaneli, na adapta inatumia njia ngapi kwa pamoja, ya antena moja au mbili. Ukizijua, namba yenyewe inakwambia shida iko wapi kabla hujagusa chochote.

Ukiona 54 au chini yake wakati vifaa vyote ni vipya, nenda moja kwa moja kwenye usalama wa rauta. 54 ni kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003. Rauta ikiwa imewekwa WEP au WPA ya TKIP (ulinzi wa zamani wa nywila), Wi-Fi haitakiwi kupanda zaidi ya hapo hata ukinunua adapta ya laki tano. Weka WPA2 ya AES au WPA3, utaona inaruka palepale, na majirani nao hawatakuibia kirahisi.

72 ni 802.11n, njia moja, chaneli nyembamba ya megahezi 20. Vile vidude vidogo kama ukucha vilivyoandikwa 150 ndo vinavyoishia hapa, kwa sababu 150 yake inataka chaneli ya megahezi 40 na kwenye 2.4 rauta nyingi zinakataa upana huo zikisikia majirani. 144 ni hiyohiyo ila njia mbili. Sasa kama umenunua AC1300 na unasoma 144, adapta nzima kabisa, umeunga tu jina la Wi-Fi la 2.4 badala ya la 5. 300 ni 802.11n njia mbili kwenye megahezi 40.

433 ni 802.11ac njia moja kwenye megahezi 80. 866 ni ac njia mbili. 1201 ni 802.11ax, hiyo wanaiita Wi-Fi 6, njia mbili megahezi 80, na 2402 ni hiyo kwenye megahezi 160. Kumbuka wanakubaliana kwa yule mdogo, adapta ya Wi-Fi 6 ya njia mbili kwenye rauta ya ac ya megahezi 80 itasoma 866 na hakuna setingi itakayoipandisha mpaka ubadilishe rauta.

Na katikati kuna ngazi. Ya 866 ukiwa unaondoka na laptopu kuelekea chumbani itashuka 780, 650, 585, 520, 390, 260, 195, 130, mpaka 65. Kwa hiyo ukisoma 390 sio kwamba umeuziwa kifaa cha 390, umeuziwa cha 866 ambacho kimeshuka ngazi tano kwa sababu ya umbali au ukuta. Sogea karibu na rauta, mita mbili hivi, mnaonana, usome tena. Ikirudi 866 kifaa ni kizima na kazi iliyobaki ni ya kupanga nyumba.

Halafu ile 1300 ya kwenye boksi. Wanajumlisha! 400 ya kwenye 2.4 na 867 ya kwenye 5, wakaisukuma juu kidogo. Kompyuta yako haitumii zote mbili kwa pamoja, unakuwa huku au kule. AC600 ni 150 na 433. AC1200 ni 300 na 867. AX1800 ni 574 na 1201. AX3000 ni 574 na 2402. Mwalimu alivyoelewa hili alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo hiyo 1300 siwezi kuiona popote." Ndiyo mwalimu, popote, na unayoiona hiyo 866 ndo juu kabisa ya kifaa chako, umepewa chote ulichonunua.

Hatua ya 4: biti na baiti

Fupi tu. Linki na spidi testi ni megabiti. Windows ikikopi faili inaonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 12.5 ya kwenye kukopi ni 100 ya kwenye spidi testi. Ukiona 5 MB/s zidisha kwa 8, ni 40.

Hatua ya 5: pima ndani ya nyumba, bila bando

Watu wengi wanaruka hapa na ndo sehemu ya maana kuliko zote, tena haili bando hata kidogo. Spidi testi ya mtandaoni inakula, piga hesabu mwenyewe, megabiti 40 kwa sekunde kumi ni megabaiti 50 za kushusha tu, bado za kupandisha, rudia mara sita umeshamaliza bando la siku unatafuta tatizo. Kipimo cha ndani kinazunguka kati ya kompyuta zako na rauta, hata laini ikiwa haina salio kinafanya kazi.

Unahitaji kompyuta nyingine, na iwe imeungwa kwenye rauta kwa waya wa mtandao. Sio kwa Wi-Fi, maana zikiwa zote hewani kila kifurushi kinapita hewani mara mbili, kwenda rauta na kutoka rauta, namba inakatika nusu na utaisingizia adapta. Weka programu ya iperf3 kwenye kompyuta zote mbili, ni ya bure. Kwenye ile ya waya andika iperf3 -s uiache wazi, Windows Firewall ikiuliza ruhusu. Kwenye ile yenye adapta mpya andika iperf3 -c halafu IP (anwani ya mtandao) ya ile ya kwanza, kwa mfano iperf3 -c 192.168.1.10, baada ya sekunde kumi inakupa jibu. Rudia na -R mwishoni upime upande wa pili. Kama programu inakushinda, kopi faili moja kubwa la GB 1 au 2 kutoka kompyuta moja kwenda nyingine usome MB/s, inatosha.

Sasa linganisha na linki. Ukipata nusu au zaidi, Wi-Fi yako iko vizuri, funga huo mjadala. Ukipata namba inayogota kwenye 94 au 95 kila mara hata ukikaa kwenye rauta, hiyo sio Wi-Fi, hizo ni bandari za waya za rauta yako ni za 100. Kuna rauta nyingi tu zimeandikwa AC1200 nje lakini matundu ya waya nyuma ni ya 100, na rauta ya namna hiyo hata ukivutiwa faiba ya 200 kwa waya haitapitisha zaidi ya hapo. Ukinunua uliza matundu ni ya gigabiti au laa, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye boksi.

Namba ikiwa inagota kwenye 200 na kitu au 300 wakati linki inasoma 866, angalia umechomeka wapi. USB 2.0 mwisho wake wa kwenye karatasi ni 480, kwa kweli hupati zaidi ya 300 na kidogo. Linki haitakwambia hilo, itaendelea kusoma 866 kwa furaha kwa sababu yenyewe inahesabu hewa tu. Hamishia tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani. Mimi steshenari ilinitokea hivihivi, folda la picha za harusi la GB 2 nalirusha kwenye kompyuta ya kuprinti, adapta ya zamani ilikuwa dakika kama saba, nikaweka mpya ikawa dakika moja na ushee, nikaridhika, baada ya wiki nikahamishia tundu la bluu ikawa sekunde 40. Wiki nzima nimeacha nusu ya kifaa mezani.

Ila kuna tahadhari, USB 3 inatoa kelele kwenye hewa ya 2.4. Kama umelazimika kukaa 2.4 na linki inayumba, weka adapta kwenye kawaya ka kurefusha USB iwe mbali kidogo na kompyuta. Hako kawaya ka bei ndogo kanasaidia pia kwa desktopu, adapta ikichomekwa nyuma inajificha kati ya bati la kompyuta na ukuta, toa ije juu ya meza uone Signal inavyopanda.

Hatua ya 6: kuta zetu

2.4 inafika mbali na inapenya, ila ina msongamano na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. 5 ina kasi na nafasi, ila ukuta unaichosha. Nyumba ya tofali za saruji ukuta mmoja unavumilika, miwili linki inashuka ngazi kadhaa. Zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, Mikindani na Lindi mjini zipo, ukuta mnene ule, 5 chumba cha pili unaweza usiipate kabisa, na mwenye nyumba wa namna hiyo asinunue adapta ya gharama akitegemea ipenye, avute waya mmoja mpaka upande wa pili aweke rauta nyingine ndogo pale. Usiweke rauta nyuma ya friji au ndani ya kabati la vyombo. Iweke juu, katikati, hata juu ya rafu ya vitabu.

Pia simu ya zamani iliyoungwa kutoka chumba cha mwisho kabisa inaongea polepole, na kwa kuwa wanapokezana zamu inakula muda wa wote. Ukipima, izime kwanza.

Hatua ya 7: sasa ndo toka nje

Ndani kukiwa sawa, fanya spidi testi moja asubuhi mapema na moja saa mbili usiku, chagua seva ya Dar zote mbili ili ulinganishe kitu kimoja. Zikitofautiana sana huku linki ni ileile, msongamano uko kwenye mnara au kwa mtoa huduma, na hapo dawa ni kuhamisha rauta ya 4G karibu na dirisha linaloelekea mnara, au kubadili mtandao, au kuangalia kama kifurushi chako kina kikomo cha spidi. Kwa mwalimu tulihamisha rauta kutoka chini ya meza ya TV kwenda dirishani, kutoka 31 ikafika 44. Na hapo sasa adapta mpya ikaanza kuwa na maana maana ile ya zamani ingegotea kwenye 40, na chumbani kwake alikokuwa anapata 6 kwa shida sasa anapata zote 44 akiwa kitandani. Kaondoka ananiahidi ming'oko, vile viazi pori vyetu.

Lini urudishe dukani

Ukikaa mita mbili na rauta, rauta yenyewe ni ya ac au ax, kwenye jina la 5, usalama ni WPA2 AES, draiva ya mtengenezaji, Wi-Fi ya ndani imelazwa, halafu Radio type inagoma kupita 802.11n au linki haivuki 72 au 150, ijaribu adapta hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya vilevile na boksi linasema AC1300, piga picha ile skrini ya netsh iwe na Radio type, Channel na Receive rate, piga na picha ya boksi, mtumie aliyekuuzia pamoja na risiti. Ukimpelekea spidi testi ya 31 atakwambia ni mtandao wako, na atakuwa na haki. Ukimpelekea hiyo picha hana pa kukimbilia.